Bo na Basi la Usiku

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Juni 1982. Timu ya New York Yankees imemchagua Vincent Jackson, kijana wa Bessemer, Alabama, katika raundi ya pili ya uteuzi wa chipukizi wa besiboli. Wanamtaka aanze kulipwa mara moja. Mama yake bado hajakubali.

ENDELEA...

Dola 250,000. Ndicho kiasi kinachotajwa hadi leo kila habari hii inaposimuliwa. Zihesabu ukiwa ndani ya nyumba ya vyumba vitatu, watoto kumi, baba anaishi kwingine, na mama, Florence, anahangaika na kazi za usafi ili jikoni kufuke moshi. Kijana wetu ni wa nane kuzaliwa.

Mtaani hakuna aliyemwita Vincent. Walimfananisha na nguruwe dume, kwa Kiingereza "boar", kwa ukorofi wake, jina likakatwa likawa Bo. Alikuwa na kigugumizi, na alichoshindwa kukisema alikisema kwa ngumi na mawe. Mkono ule walioupenda Yankees ulijifua kwa mawe hayo. Kuna siku yeye na wenzake waliwashambulia nguruwe wa mchungaji wa kanisa wakawaua kadhaa, ikambidi afanye kazi hadi deni liishe. Mama hakuwa mtu wa kumfunika mwanawe kwa kanga.

Sasa mtoto yuleyule, katika mwaka wake wa mwisho Sekondari ya McAdory, alikuwa amepiga mipira 20 ikavuka uzio katika mechi 25. Nani angemlaumu kama angeshika kalamu akasaini?

Lakini katika familia ile hakuna aliyewahi kuingia chuo kikuu kikubwa, na Florence alitaka aanze huyu. Chuo Kikuu cha Auburn kilikuwa tayari kumsomesha bure ili akichezee futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kukumbatia mpira wenye umbo la yai na kukimbia huku majitu yakikurukia. Besiboli angeendelea nayo hapohapo chuoni. Mshahara hakuna. Ada, chakula, kitanda, basi. Na goti likivunjika kwenye futiboli, besiboli nayo imekwenda.

Bo akawaambia Yankees hapana.

Wapo waliomwona mjinga. Mimi nikifika hapa moyo hunijaa. Kijana wa miaka 19, maskini wa kweli, amewekewa utajiri mbele ya macho, akamsikiliza mama yake.

Ila neno la mama halikumlainishia mazoezi. Kocha wa Auburn, Pat Dye, hakuwa na huruma na mtu legevu. Asubuhi mwili unauma, jioni unauma zaidi, na vitabu vinamsubiri. Bo, aliyekuwa mfalme wa Bessemer, hapa alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kama wengine, mbali na nyumbani, na upweke ukamshika vibaya. Zile dola alizozikataa hazikuwa zikimngoja popote.

Jioni moja hakurudi bwenini. Miguu ilimpeleka kituo cha mabasi.

Alikaa pale saa nyingi. Mabasi yaliingia, abiria wakashuka na mizigo yao, wengine wakapanda, injini zikanguruma, taa nyekundu za nyuma zikapotea barabarani. Lile la kumrudisha kwao lingemfikisha kabla hakujakucha. Kesho yake angegonga mlango wa ile nyumba ya vyumba vitatu. Na mama angefungua, amkute mlangoni yule aliyetumwa kuwa wa kwanza.

Siku zilikuwa zinahesabika kabla ya mechi kubwa kuliko zote za mwaka, Auburn dhidi ya Chuo Kikuu cha Alabama, mahasimu ambao Auburn haikuwa imewafunga kwa miaka tisa mfululizo. Bwenini kitanda cha Bo kilikuwa kitupu.

Usiku ukazidi kuwa mzito. Basi jingine likaingia, likasimama mbele yake, mlango ukafunguka.

Bo akainuka.

ITAENDELEA WIKI IJAYO