Antivairasi ya kompyuta ya nyumbani: kabla hujanunua, angalia uliyonayo

Mwalimu wa Mazingara, wilayani Handeni, akitaka kuchapisha mtihani hubeba flashi hadi Mkata, Kabuku au Korogwe mjini. Huko flashi huchomekwa kwenye kompyuta ya steshenari ambayo imepokea flashi za watu kibao tangu asubuhi. Jioni inarudi nyumbani, inachomekwa kwenye laptopu yenye matokeo ya wanafunzi, hesabu za kikoba na picha za watoto.

Kwa kompyuta inayotumika namna hiyo, antivairasi inayofaa ni ile inayokagua flashi papo hapo na inayoweza kusasishwa kwa bando la simu. Jina la kampuni linafuata baadaye.

Mwenye Windows 10 au Windows 11 tayari anayo. Inaitwa Microsoft Defender, imo ndani ya Windows, ni bure na haiishi muda. Enzi za Windows XP ilikuwa lazima mtu atafute ya pembeni, na mazoea hayo bado yapo: watu wanatoa hela kabla ya kuangalia wana nini. Maabara ya AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, hupima antivairasi mara kwa mara na kuweka matokeo wazi kwa yeyote kusoma. Kwa miaka ya karibuni Defender imekuwa ikishindana vizuri tu na zile za kulipia.

Kwa nyumba ya kawaida inatosha, ili mradi iwe imewashwa. Na hapo ndipo wengi wanapoumia.

Fundi akishapiga Windows

Kompyuta ya mtumba kwa kawaida hupigwa Windows upya, na si mara chache huwashwa kwa kraki, pamoja na Office ya kraki. Defender huiona kraki kama programu hatari na kuifuta. Kwa hiyo fundi huizima kwanza, au huiingiza folda ya kraki kwenye orodha ya sehemu zisizokaguliwa. Kazi ikiisha, kuirudisha kunasahaulika. Mteja anaondoka na mashine inayowaka haraka, inafungua Word, kila kitu safi, kumbe haina mlinzi. Na kraki zenyewe ni moja ya njia ambazo wezi wa mtandaoni hutumia kupenyeza programu za kuiba nywila.

Kukagua ni kazi ya dakika mbili. Mwenye kompyuta afungue Windows Security, aingie Virus & threat protection, kisha Manage settings. Palipoandikwa Real-time protection pawe On. Ashuke hadi Exclusions: kwa mtu wa nyumbani orodha hiyo inatakiwa iwe tupu. Akikuta folda asiyoijua, amuulize fundi ni ya nini. Kama shida ilikuwa Office tu, LibreOffice ni bure kihalali na inafungua mafaili ya Word na Excel.

Bando

Antivairasi isiyosasishwa haivijui virusi vipya. Microsoft hutoa orodha mpya ya virusi mara kadhaa kwa siku, lakini laptopu inayopata intaneti kwa hotspoti ya simu huenda ikakaa wiki bila kuichukua, hasa kama hotspoti hiyo imewekwa kwenye mpangilio wa kubana data. Basi mtu ajizoeze kubonyeza Check for updates mwenyewe walau mara moja kwa wiki, na vizuri zaidi kabla ya kuchomeka flashi iliyotoka steshenari. Asiye na intaneti kabisa nyumbani anaweza kupakua faili la masasisho ya Defender kutoka tovuti ya Microsoft akiwa mjini, akalibeba na kulifungua kwenye kompyuta yake. Ni kubwa, zaidi ya MB 100, kwa hiyo bora apakue penye Wi-Fi.

Masasisho ya Windows yenyewe nayo yana uzito wake. Kirusi cha WannaCry kilipofunga mafaili ya watu duniani kote tarehe 12 Mei 2017, kiraka cha kuziba tundu kilichopitia kilikuwa kimeshatolewa na Microsoft tangu Machi.

Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft imesema Defender itaendelea kupokea orodha ya virusi kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028, ila hilo haliwezi kuziba matundu ya Windows yenyewe. Mashine za mtumba zisizokubali Windows 11 zipo nyingi. Kwa kuandika barua na kuangalia video, Linux Mint inazifaa, na ni bure.

Za kulipia na za bure

Wapo wanaohitaji zaidi: familia yenye kompyuta kadhaa, au mzazi anayetaka udhibiti wa watoto pamoja na vikorombwezo vingine kwenye kifurushi kimoja. Bitdefender na ESET ni majina ya muda mrefu. Kaspersky pia, ingawa Marekani iliipiga marufuku kuuzwa nchini humo mwaka 2024 kwa sababu za usalama wa taifa.

Za bure zisomwe masharti. Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitaka Avast ilipe dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za tovuti ambazo watumiaji wake walikuwa wakitembelea. Smadav ya Indonesia, inayopendwa kwa ajili ya flashi, watengenezaji wake wenyewe wanaieleza kama ulinzi wa ziada, kwa hiyo isiachwe peke yake.

Antivairasi mbili kamili zisiwekwe pamoja. Zinagombana na kompyuta inakuwa nzito. Ya majaribio iliyokuja na laptopu mpya, ikiisha muda na mtu hataki kulipia, aiondoe kabisa, kisha ahakikishe Defender imerudi kazini.

Mafaili yakigeuka shotikati

Kirusi kinachozoeleka zaidi kwenye flashi huficha mafaili na kuweka shotikati mahali pake. Wengi hudhani mafaili yamekufa na kuifomati flashi, wakati kwa kawaida yamefichwa tu. Shotikati hizo zisibonyezwe, maana kubonyeza ndiko kunakokiamsha kirusi. Flashi ikaguliwe kwanza kwa antivairasi, kirusi kiondolewe. Kisha ifunguliwe Command Prompt na kuandikwa:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Herufi E ibadilishwe iwe herufi ya flashi yenyewe. Mafaili yakionekana, yanakiliwe kwenye kompyuta, na hapo ndipo flashi ifomatiwe.

Kwa virusi vinavyofunga mafaili na kudai hela, amri hiyo haisaidii kitu. Hapo kinachookoa ni nakala iliyowekwa kabla, kwenye diski ya nje ambayo huchomolewa na kuwekwa kabatini, kwa sababu ikibaki imechomekwa nayo hufungwa.