Fransisko wa Asizi na Sultani al-Kamil

Mkutano wa Fransisko wa Asizi na Sultani al-Kamil ulifanyika mwaka 1219 karibu na mji wa Damietta, kaskazini mwa Misri, wakati wa Vita vya Msalaba vya Tano. Fransisko, mwanzilishi wa shirika la Ndugu Wadogo, alivuka bila silaha kwenda kambi ya Waislamu ili kumweleza sultani imani ya Kikristo kuhusu wokovu. Sultani hakubadili dini, lakini alimsikiliza na kumrudisha salama. Miaka miwili baadaye kanuni ya shirika hilo ilikuwa na sura nzima juu ya namna ndugu wanavyopaswa kuishi kati ya Waislamu.

Mazingira

Vita hivyo (1217–1221) vilielekezwa Misri kwa matumaini kwamba atakayeishika Misri ataweza kuipata Yerusalemu. Tangu mwaka 1218 jeshi la Wakristo liliuzingira mji wa Damietta, bandari iliyo karibu na mdomo wa mto Nile. Mwaka huohuo al-Malik al-Kamil alirithi usultani kutoka kwa baba yake al-Adil, ndugu wa Salah ad-Din. Sultani alikuwa tayari kuwarudishia Wakristo Yerusalemu iwapo wangeondoka Misri, lakini Kardinali Pelagio, balozi wa Papa, alikataa.

Fransisko alifika kambini wakati wa kiangazi mwaka 1219. Tarehe 29 Agosti Wakristo walishambulia wakashindwa vibaya. Tomaso wa Celano, aliyeandika maisha yake, anasimulia kwamba Fransisko alikuwa amewaonya wasipigane siku hiyo, nao wakamdharau.

Mkutano

Mapigano yaliposimama kwa muda, Fransisko alikwenda upande wa pili pamoja na ndugu mmoja, ambaye Bonaventura anamtaja kwa jina la Illuminato. Askari waliwakamata na kuwapiga, kisha wakawafikisha mbele ya sultani.

Shahidi wa karibu zaidi ni Yakobo wa Vitry, askofu wa Akko, aliyekuwepo kambini. Katika barua ya mwaka 1220 aliandika kwamba Fransisko alihubiri kwa siku kadhaa bila mafanikio makubwa, lakini sultani alimwomba faraghani amwombee kwa Mungu, apate kuongozwa kwenye dini inayompendeza Mungu zaidi. Habari nyingine zinasema sultani alimpa zawadi nyingi, naye akazikataa.

Bonaventura, akiandika zaidi ya miaka 40 baadaye, anaongeza kwamba Fransisko alijitolea kuingia motoni pamoja na wanazuoni wa sultani ili ijulikane imani ya kweli ni ipi, na kwamba sultani hakukubali. Wanahistoria wengi wana mashaka na habari hiyo, kwa kuwa waandishi wa kwanza hawaitaji. Maneno yenyewe ya mazungumzo hayakuhifadhiwa.

Wafiadini wa Moroko

Wakati huohuo ndugu wengine watano walikwenda Sevilla, kisha Moroko. Walihubiri hadharani wakiushambulia Uislamu, wakafukuzwa na kurudi tena, hata wakauawa Marrakesh tarehe 16 Januari 1220. Kanisa Katoliki lilikuja kuwatangaza watakatifu mwaka 1481. Maiti zao zilipofikishwa Coimbra, Ureno, zilimgusa padri kijana aliyejiunga na Ndugu Wadogo na kujulikana baadaye kama Antoni wa Padua.

Yakobo wa Vitry aliandika pia kwamba Waislamu waliwasikiliza ndugu kwa hiari walipoeleza habari za Kristo, bali waliwapiga na kuwafukuza walipoanza kumpinga Muhammad.

Kanuni ya mwaka 1221

Sura ya 16 ya kanuni iliyoandikwa mwaka 1221 inataja njia mbili za kuishi kiroho kati ya Waislamu. Ya kwanza ni kutogombana wala kubishana, kuwa chini ya kila mtu kwa ajili ya Mungu, na kukiri kuwa wao ni Wakristo. Ya pili ni kutangaza neno la Mungu waonapo kwamba jambo hilo linampendeza Bwana, ili wasikilizaji wamwamini Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, wabatizwe na kupata wokovu.

Hivyo kanuni haikuacha lengo la kuwaongoa wengine. Ilichoweka ni utaratibu: mwenendo kwanza, na maneno kwa wakati wake. Sura hiyohiyo inawakumbusha ndugu kwamba wamekwisha kuutoa mwili wao kwa Kristo, hivyo wawe tayari kufa. Kanuni iliyothibitishwa na Papa Honori III mwaka 1223 haina maelezo hayo ya njia mbili; inadai tu kwamba anayetaka kwenda apate ruhusa ya mkuu wake.

Baadaye

Damietta ilitekwa na Wakristo mnamo Novemba 1219, lakini mwaka 1221 walishindwa na kuirudisha. Mwaka 1229 al-Kamil aliikabidhi Yerusalemu kwa Kaisari Federiko II kwa mkataba, bila vita.

Mwezi Februari 2019, miaka 800 baada ya mkutano huo, Papa Fransisko alifika Abu Dhabi, akatia sahihi Hati juu ya Udugu wa Kibinadamu pamoja na Ahmad al-Tayyeb, imamu mkuu wa al-Azhar ya Kairo.