Mpira wa msituni, matairi ya matope: historia iliyo chini ya kila lori Kivuni

Kila mvua kubwa inaponyesha kwenye milima ya Kivu, habari zinazofika redioni hufanana. Malori yamekwama njiani, bei ya unga imepanda sokoni, dawa hazijafika kituo cha afya, na familia zilizokimbia vita zinaendelea kungoja msaada. Wakaaji hulaumu mvua, kisha barabara, kisha dereva. Wachache hutazama kitu pekee cha gari kinachogusa ardhi, yaani tairi. Chini ya kila gurudumu la jeep, sehemu ya mpira inayokanyaga chini haizidi sana kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake. Mizigo, abiria na wagonjwa wote wanategemea vipande vinne kama hivyo.

Tairi hilo lina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilipita hapa Kongo. Kiswahili chenyewe kinakumbusha: mpira ni utomvu unaotoka mtini, ni kitu ambacho watoto hukipiga teke uwanjani, na ni tairi la gari. Dereva anayechagua tairi la kwenda Walikale au Masisi leo anashika kitu ambacho babu za Wakongo walikilipia kwa damu.

Mpira uliolipwa kwa mikono

Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto haunati tena wakati wa joto, wala haukakamai wakati wa baridi. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, alitengeneza tairi lenye hewa kwa ajili ya baiskeli ya mtoto wake yenye magurudumu matatu. Mwaka 1895 ndugu wawili Wafaransa, André na Édouard Michelin, waliendesha gari lenye matairi ya hewa katika mashindano ya Paris–Bordeaux–Paris. Walipata pancha nyingi na hawakushinda, lakini watu walikwisha kuona kwamba gari linaweza kukimbia juu ya hewa.

Baiskeli zikaongezeka Ulaya na Marekani, kisha magari, na mpira ukatafutwa kila upande wa dunia. Wakati huo Kongo ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, tangu mwaka 1885. Misitu yake ilijaa mimea itambaayo juu ya miti na kutoa utomvu wa mpira. Serikali ya Leopold ilichukua ardhi ambayo haikuwa na mashamba, ikayapa makampuni maeneo makubwa, kama ABIR kule Equateur. Kila kijiji kilipangiwa kiasi cha mpira cha kuleta. Wanawake walishikwa mateka mpaka waume zao warudi kutoka msituni na vikapu vilivyojaa. Askari wa Force Publique walidaiwa kuonyesha kwamba hawakupoteza risasi bure, na ushahidi ulikuwa mkono uliokatwa wa mtu. Mwaka 1901 zilitoka Kongo tani zipatazo 6,000 za mpira.

Mwaka 1904 Mwingereza Alice Seeley Harris alipiga picha ya baba mmoja, Nsala wa Wala, akiwa ameketi barazani na kutazama mkono mdogo na mguu mdogo wa binti yake. Mwaka huohuo ilitoka ripoti ya Roger Casement, konsuli wa Uingereza nchini Kongo. E. D. Morel, aliyekuwa karani wa kampuni ya meli, alikuwa amegundua kwamba meli zilizoleta mpira na pembe za ndovu Antwerp zilirudi Kongo zikibeba zaidi bunduki na risasi. Kelele zilipozidi, Ubelgiji iliichukua Kongo kutoka kwa Leopold tarehe 15 Novemba 1908.

Mateso hayo hayakuisha siku hiyo moja. Mwaka 1942, Wajapani walipoiteka Malaya na Singapore, nchi zilizokuwa zikipigana nao zilipoteza mashamba makubwa ya mpira ya Asia. Wakongo wakarudishwa msituni kutafuta mpira wa vita, na siku za kazi ya lazima zikapandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Mpira huo uliingia katika magari ya majeshi. Vijiji vilivyoutoa viliendelea kutembea kwa miguu.

Tairi linajifunza kuuma ardhi

Matairi ya kwanza yalikuwa laini kama ngozi ya ngoma. Kwenye mvua gari liliteleza ovyo. Mwaka 1904 kampuni ya Continental ya Ujerumani ilitoa tairi la gari lenye michoro. Mwaka 1908 Firestone ya Marekani ilifanya jambo la kuchekesha lakini lenye faida: ilichonga juu ya tairi maneno yanayosema kwamba haliteleziki, na herufi zenyewe ndizo zikawa meno ya kushika barabara. Katika miaka ya 1910 watengenezaji walianza kuchanganya masizi meusi ndani ya mpira, na tairi likawa gumu zaidi kuisha. Ndiyo sababu matairi ya leo ni meusi.

Miaka ya 1930 trakta nazo zilivishwa matairi ya hewa, yenye meno marefu yaliyolala upande ili yachimbe udongo na kuutupa nje. Vita vya pili vya dunia vikaleta jeep ya jeshi la Marekani, mwaka 1941, yenye tairi la meno mazito yanayofanya kazi sawasawa gari likienda mbele au likirudi nyuma. Hata leo sura ya tairi hilo la jeshi inaonekana kwenye malori mengi ya zamani.

Mwaka 1946 Michelin ilibadilisha tumbo la tairi lenyewe. Mpaka hapo nyuzi za ndani zilikuwa zinapishana kwa mshazari. Michelin ikazipanga zikatishe moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, kisha ikafunga mkanda wa chuma chini ya meno. Tairi la namna hiyo huitwa radiali, na alama yake ni herufi R katikati ya namba, kama 7.50R16. Linakanyaga kwa upana, halipati moto haraka, na huchukua muda mrefu kuisha. Tairi la mshazari lina ubavu mnene na mgumu, linavumilia mawe, lakini hupata moto upesi likikimbia.

Katikati ya miaka ya 1970 BFGoodrich ya Marekani iliunganisha mambo mawili: mwili wa radiali na meno ya kupita nje ya lami. Hapo tairi la kila njia lilianza kuenea duniani, likiwa na alama AT. Upande mmoja linalo tairi la lami, HT, na upande wa pili linalo tairi la matope, MT, lenye meno makubwa yaliyoachana sana.

Barabara zilizojengwa kwa lazima

Wakati viwanda vya ng'ambo vinaboresha tairi, Kongo ilikuwa inachimba barabara kwa majembe. Kuanzia miaka ya 1920 utawala wa Kibelgiji ulivihamisha vijiji vingi kutoka bondeni na msituni, ukavipanga kandokando ya barabara ili iwe rahisi kuhesabu watu, kukusanya kodi na kupata wafanyakazi. Wanakijiji walilazimishwa kufyeka nyasi, kuzibua mifereji na kujaza mashimo. Barabara hizo zilipita panapotoka kahawa, pamba na madini.

Lakini kulikuwa na kanuni moja ambayo wazee wengi bado wanaikumbuka: kizuizi cha mvua. Mvua ikinyesha, mti ulishushwa barabarani na malori mazito yalisimama mpaka udongo ukauke. Barabara ya udongo haiharibiwi na mvua peke yake. Inaharibiwa na lori zito linalopita wakati udongo umelowa.

Baada ya uhuru wa 1960 kazi ya kutunza barabara ilipungua mwaka hadi mwaka. Mwezi wa Novemba 1973 utawala wa Mobutu ulinyang'anya biashara za wageni, na vipuri vikawa adimu katika sehemu nyingi. Kuanzia 1996 vita vikamaliza kilichobaki. Leo barabara ya taifa namba 3, kutoka Bukavu kuelekea Walikale na Kisangani, ina sehemu ambazo jina la barabara limebaki kwenye ramani tu. Shabunda inategemea sana ndege. Pasipo na barabara, tairi limelazimika kufanya kazi ya barabara.

Kila udongo na tairi lake

Historia hii inamsaidia dereva, au chama cha wakulima chenye lori moja, kufikiri kabla ya kutoa dola. Swali la kwanza si jina la kampuni. Swali ni: gari hili linapita wapi siku nyingi za wiki?

Kuzunguka Goma na kuelekea Sake, adui ni mawe ya volkano. Nyiragongo ililipuka 1977, 2002 na 2021, na mawe yake yana makali kama chupa iliyovunjika. Hapo meno marefu hayasaidii sana. Kinachookoa ni ubavu imara. Tairi la AT lenye tabaka nyingi, lenye herufi LT au namba kubwa ya PR ubavuni, linafaa kuliko tairi laini la jeep ya mjini.

Kuelekea Walikale adui ni udongo mwekundu unaonata. Meno yaliyokaribiana hujaa udongo, na tairi linarudi kuwa laini kama lile la mwaka 1895. Hapo MT inastahili bei yake, kwa sababu nafasi kati ya meno huruhusu udongo kurushwa nje. Ila kwenye lami MT hupiga kelele, huisha upesi, na lami ikilowa hushika vibaya kuliko AT.

Kwenye uwanda wa Ruzizi, na kandokando ya ziwa kutoka Uvira hadi Baraka, kuna vumbi, mchanga, vijito na changarawe kwa zamu. Gari linalofanya njia hiyo kila siku linafaa zaidi na AT.

Upana nao una maana. Wengi hudhani tairi pana ndilo lenye nguvu. Kwenye tope lenye ardhi ngumu chini yake, tairi jembamba hukata tope na kufika pagumu. Ndiyo sababu Land Cruiser nyingi za kazi barani Afrika zimebaki na 7.50R16. Tairi pana lina faida kwenye mchanga mlaini, ambako gari linapaswa kuelea.

Kabla ya kununua, inafaa kusoma ubavu wa tairi. Mwishoni mwa alama za DOT kuna namba nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani linaweza kuwa na meno mazuri na huku mpira wake umekauka. Herufi M+S haziahidi kwamba tairi litashinda matope ya Kivu. Kwa matairi ya mtumba, muuzaji mwingine huchonga mistari upya kwa kisu cha moto ili tairi lionekane jipya. Matairi fulani ya malori yametengenezwa kwa kuchongwa hivyo, na huandikwa ubavuni. Mengine yakichongwa, nyuzi hubaki karibu wazi na tairi hupasuka likiwa na mzigo.

Matairi ya ekseli moja lazima yalingane. Radiali na mshazari havichanganywi. Kwenye lori lenye matairi mawili mawili nyuma, lililo refu kidogo hubeba mzigo wa mwenzake mpaka lipasuke. Dereva akipunguza hewa ili atoke kwenye tope, anapaswa kuirudisha mara tu anapofika pagumu, la sivyo tairi litapata moto na kuharibika. Pampu ndogo ndani ya gari ni sehemu ya tairi.

Tairi halijengi barabara

Hata tairi bora lina mpaka. Lori lililobeba kupita uwezo wake, likiwa na MT mpya, linaweza kupita leo na kuacha shimo ambalo malori kumi ya kesho hayatalivuka. Anayekwama kesho huenda ndiye aliyebeba unga wa familia zilizo kambini. Kwa hiyo uzito wa mzigo, mifereji iliyozibuliwa na kizuizi cha mvua bado ni mambo ya viongozi, ya wenye malori na ya vijiji vyenyewe, safari hii kwa malipo ya haki na bila lazima.

Tairi likiisha, kazi yake Kivuni haiishi. Fundi wa kuziba mipira hukata tyubu kuwa kamba za kufungia mizigo kwenye pikipiki. Vipande vya tairi huvishwa magurudumu ya mbao ya chukudu, vingine vinakuwa viatu. Kwa familia nyingi zilizohama makwao, godoro na masufuria yao vilifungwa kwa kamba hizo za mpira siku ya kukimbia. Zaidi ya karne moja iliyopita mpira ulitoka Kongo kwa vikapu na haukurudi. Leo unarudi kwa dola, kutoka ng'ambo, na anayeununua kwa kichwa hulinda pesa zake na njia ya jirani yake.