Marubani wa Rufiji na Reli ya Ukambani

Atokaye Nairobi kwenda Mombasa, akishaipita Emali na Simba na kabla hajawasili Makindu, hufika Kiboko, mahali ambapo maji yaliyonywewa na mawe meusi ya milima ya Chyulu hutokeza tena juu ya ardhi. Na kwa ajili ya maji hayo wanyama wa nyika, wachungaji wa Kikamba na wa Kimasai, na hatimaye wajenzi wa reli, walioifikisha njia yao Makindu mwaka 1898, wote walipajua na kupathamini. Ilipozuka vita ya 1914, na Wajerumani walipoitwaa Taveta mwezi wa Agosti mwaka ule ule, reli hiyo ikawa shabaha yao, kwani ndiyo iliyobeba askari, chakula na risasi kutoka pwani mpaka bara. Vikosi vyao vidogo, vya Wazungu wachache na askari wa Kiafrika, vilivuka nyika kavu kutoka upande wa Kilimanjaro ili kutega baruti chini ya vyuma, na aghalabu kiu iliwadhuru kuliko risasi za walinzi.

Miongoni mwa tadbiri zilizofanywa kuikabili hatari hiyo, mwezi wa Septemba 1915 ililetwa Maktau, katika reli mpya iliyokuwa ikijengwa kutoka Voi kuelekea Taveta, jamaa ndogo ya marubani wa jeshi la bahari la Uingereza chini ya John Cull. Watu hao hawakuwa wageni wa jua la Afrika, kwani walikuwa wametoka Rufiji, katika kazi ambayo, kwa maoni yangu, haikupata mfano wake katika vita vyote vya angani vilivyopiganwa Afrika ya Mashariki.

Kisa chenyewe chaanzia Unguja, ambako asubuhi ya Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg, yenye mizinga kumi ya milimita 105, iliishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini na kuizamisha. Baada ya hujuma hiyo Königsberg, kwa kuwa mashine zake zilikuwa na hitilafu, ilirudi kujificha ndani ya mikono ya mto Rufiji, nyuma ya mikoko, mahali ambapo marikebu kubwa za adui zake hazikuweza kuifuata kwa uchache wa kina cha maji. Waingereza wakaifungia mlango wa bahari. Lakini kumfungia mtu nyumbani si kumkamata, na wao hawakuwa na jicho la kumwona.

Jicho la kwanza lilikuwa la raia mmoja, Dennis Cutler, aliyeajiriwa Durban pamoja na ndege yake ya majini. Joto liliiadhibu ndege hiyo kiasi kwamba rejeta yake iliharibika, ikabidi manowari itumwe Mombasa kutafuta nyingine, nayo ikarudi na rejeta iliyong'olewa katika motokaa ya Ford. Kwa chombo hicho kilichotiwa viraka Cutler aliiona Königsberg mwezi wa Novemba, na mwezi wa Desemba akaanguka katika mto akatekwa. Mwaka 1915 zililetwa ndege za Sopwith zilizokusudiwa kuangusha mabomu, nazo zikashindwa kabisa: hewa ya joto ni nyepesi, haichukui bawa kama hewa ya Ulaya, na ndege iliyopakiwa rubani, mwangalizi na mabomu haikukubali kuacha maji. Mwezi wa Juni tu, zilipofika Mafia ndege za Henri Farman na Caudron zenye kuruka kutoka nchi kavu, ndipo kazi ilipowezekana.

Alfajiri ya Julai 6, Harold Watkins aliruka peke yake akaangusha mabomu juu ya Königsberg, ili kuwashughulisha Wajerumani wakati Severn na Mersey, marikebu mbili bapa zenye mizinga mikubwa, zilipokuwa zikiingia mtoni. Mabomu hayo hayakuipiga. Siku ile nzima zilifyatuliwa risasi za mizinga zaidi ya 600, na zilizopata zilikuwa chache mno, kwa sababu marikebu mbili zilipofyatua kwa pamoja mwangalizi aliye angani hakuweza kubainisha ni mwanguko wa nani aliokuwa akiusahihisha. Wajerumani nao walikuwa na macho yao: watu waliopanda juu ya jukwaa mtini, karibu na mto, hata Severn ilipolivunja jukwaa hilo ndipo risasi za Königsberg zilipoanza kupotea.

Julai 11 kosa halikurudiwa. Ilifyatua Severn kwanza, peke yake, na Cull akiwa rubani na Harwood Arnold mbele yake akigonga herufi za simu ya upepo, mbali kidogo, karibu kidogo, kulia, mpaka risasi zikaangukia juu ya manowari yenyewe. Wakati huo huo injini ya ndege ikapigwa, na ndege ikaanza kushuka. Arnold alipeleka habari kwamba wamepigwa na waletewe mashua. Kisha, badala ya kushika roho yake kwa mikono miwili, akaendelea kugonga masahihisho ya shabaha wakiwa bado waporomoka. Ndege ilipinduka majini karibu na Mersey. Arnold alitupwa nje, na Cull, aliyesahau kufungua mkanda wake, akanaswa chini ya maji, lakini akatoka, na mashua ikawachukua wote wawili hai. Königsberg ilikuwa ikiwaka, na nahodha wake, Max Looff, akaamuru ivunjwe.

Wengi wakisimulia shambulio la angani hupenda kuhesabu mabomu. Hapa manowari iliuawa na kidole kilichogonga kitufe.

Hata hivyo mizinga yake haikufa. Wajerumani waliiopoa yote kumi, wakaipeleka karakana ya reli Dar es Salaam kutiwa magurudumu, na makundi ya wapagazi, ambao majina yao hayakuandikwa popote, wakaikokota mpaka kwenye medani za bara. Mmoja wa mizinga hiyo sasa umo Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus. Mwingine ulipangwa Kahe, kusini ya Moshi, na mwezi wa Machi 1916 ukawafyatulia askari wa Jenerali Smuts waliotoka Mbuyuni, mahali ambapo kikosi cha 26 cha ndege, kilichofika Mombasa mwisho wa Januari, kilikuwa kimefanya kiwanja chake. Wajerumani walipolazimika kuiacha Kahe waliuvunja mzinga huo wenyewe, na kwa kuwa Kilimanjaro haikuwa tena mikononi mwao, watega baruti hawakupata tena mahali pa kuanzia safari ya kuijia reli ya Kiboko na Makindu.