Bibi Kizee Aliyekalia Sanduku

Akina mama wenzetu, katuni wengi wetu tulizijulia kwa Chakubanga wa Christian Gregory, kwenye gazeti la Uhuru. Lakini kuwachora wakubwa na fedha zao ni kazi ya zamani sana. Katika kijitabu hiki cha miaka kumi tumeona tuwasimulie picha mbili za Uingereza, maana zote zinahusu fedha na mwanamke.

Ya kwanza ni ya 1797. Serikali ilikuwa vitani na Ufaransa, imekopa benki mpaka dhahabu inaelekea kuisha. Februari ikaamriwa benki isimpe mtu dhahabu hata akileta noti yake. James Gillray akaichora Benki ya Uingereza kama bibi kizee aliyevaa gauni la noti, amekalia sanduku lenye kufuli. Waziri Mkuu, William Pitt, anajifanya anambusu, kumbe mkono uko mfukoni mwa bibi! Bibi anapiga yowe. Aliyewahi kushika ufunguo wa sanduku letu hahitaji kuelezwa zaidi. Benki ile mpaka leo inaitwa Bibi Kizee wa Mtaa wa Threadneedle.

Ya pili inauma. Dhahabu ilipofungiwa, zilitolewa noti ndogo za pauni 1 na 2, rahisi mno kuigiza. Maskini waliozoea sarafu, wengi hawajui kusoma, sasa wakalipwa karatasi. Kupitisha noti bandia kwa kujua adhabu yake ilikuwa kunyongwa, na kati ya 1797 na 1821 watu zaidi ya 300 walinyongwa kwa makosa ya noti bandia.

Mchoraji George Cruikshank alisimulia kwamba alipita karibu na gereza la Newgate akakuta watu wananing'inia, wanawake wakiwemo. Akauliza wamekosa nini. Akajibiwa: noti za pauni moja. Akarudi nyumbani akachora noti ya dhihaka, ina safu ya walionyongwa, wake kwa waume, alama ya pauni imesokotwa kwa kamba, na sahihi ni ya mnyongaji. William Hone aliiuza dukani kwake Januari 1819, watu wakafurika mpaka mtaa ukazibika.

Hapa Ruaha Mbuyuni, msimu wa vitunguu, noti bandia tumezishika. Anayeaibika mbele ya mweka hazina ni mama aliyeuza gunia lake, siyo aliyeichapa. Kwa hiyo habari hii ilipoelezwa kikaoni, hakuna aliyecheka.

Uzeeni Cruikshank alidai kwamba ni picha yake iliyokomesha kunyonga. Sisi tunaona alijisifu kupita kiasi. Benki ilirudia kulipa dhahabu mwaka 1821, lakini adhabu ya kifo ilibaki katika sheria mpaka miaka ya 1830. Nakala ya ile noti yake imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London.