Redio ya Marehemu Baba

Vijana wetu huniuliza: ilikuwaje redio ya nyumbani isikike hapa Maskati usiku, na mchana isisikike?

Mwaka 1974 marehemu baba alifunga waya kutoka dirishani hadi kwenye mkunazi. Baada ya sala ya isha ndipo Dar es Salaam ilipoingia, katika mita 60, sauti ikipanda na kushuka. Kutoka huko hadi hapa ni karibu kilomita 4,000. Simu hatukuwa nayo, na barua zilichelewa. Usiku mmoja, katika matangazo ya vifo, tukasikia jina la bibi, mama yake baba. Kabla ya kutajwa siku ya maziko, sauti ikafifia. Baba alijilaumu maisha yake yote kwa kutonunua betri mpya.

Mawimbi ya redio huenda kwa kasi ya nuru, kilomita 300,000 kwa sekunde, na hushika njia iliyonyooka. Dunia nayo ni mviringo. Basi Marconi alipotangaza mwaka 1901 kuwa amepokea Newfoundland ishara zilizotumwa kutoka Poldhu, Uingereza, wataalamu walistaajabu. Mwaka 1902 Kennelly na Heaviside, kila mmoja peke yake, walisema lazima juu angani pawe na tabaka lenye umeme linaloyarudisha mawimbi chini. Appleton alilithibitisha mwaka 1924.

Matabaka hayo hufanywa na jua. Mchana hutokea moja la chini, nalo huyanywa mawimbi ya mita 60. Jua likitua hilo hutoweka. Hubaki la juu, kiasi cha kilomita 300, na mawimbi hudunda baina yake na ardhi. Lakini tabaka hilo halitulii. Likitikisika, sauti hufifia.

Mawimbi ya maikrowevu, yenye urefu wa sentimita chache, hulipenya tabaka hilo. Kwa hiyo hupitishwa kwa minara inayoonana, au kwa setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu.

Usiku uliofuata, kwa betri zile zile, Dar es Salaam ilisikika safi. Wajukuu wajue, basi, kwamba kosa halikuwa la babu yao. Mwenyezi Mungu amrehemu yeye na mama yake. Amin.