Uoni Hafifu na Masomo ya Wanaouhudumia Mashariki mwa Kampala

Historia ya huduma ya uoni hafifu jijini Kampala haielezeki kwa hospitali peke yake, kwa kuwa fani hii imekaa tangu mwanzo baina ya tabibu na mwalimu. Uoni hafifu ni hali ya mtu ambaye, hata baada ya kutibiwa na kupewa miwani inayomfaa, bado haoni vya kutosha, lakini amebakiwa na uwezo wa kuona anaoweza kuutumia. Mkutano wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Bangkok mwaka 1992 uliweka mpaka wake kuwa chini ya 6/18 katika jicho lililo bora. Maana yake ni kwamba kile ambacho mwenye macho mazima hukiona akiwa mita 18, mtu huyu hulazimika kukisogelea hadi mita 6, au karibu zaidi.

Shule za wasioona zilipoanza kuenea Uganda katika miaka ya 1950, mtoto aliyebakiwa na uoni kidogo aliwekwa pamoja na asiyeona kabisa, akafundishwa nukta nundu kwa vidole. Ulaya na Marekani nako, ambako madarasa ya kutunza macho yalikuwapo London tangu mwaka 1908, iliaminika kwamba jicho dhaifu huchakaa likitumiwa sana. Imani hiyo ilitikiswa mwaka 1964, pale Natalie Barraga, mwalimu Mmarekani, alipoonyesha kwamba watoto waliofunzwa kuutumia uoni wao mdogo waliongeza umahiri wa kuona bila kuyadhuru macho. Miaka yote ya kabla ya hapo ilikuwa hasara kubwa kwa watoto hao, na ni haki kuitaja hivyo.

Mashariki mwa Kampala, katika Divisheni ya Nakawa, kuna kilima cha Kyambogo, ambako taasisi ya taifa ya elimu maalumu, UNISE, iliwaandaa walimu wa watoto wenye ulemavu hadi ilipounganishwa na vyuo viwili jirani mwaka 2003 kuunda Chuo Kikuu cha Kyambogo. Mwalimu wa fani hiyo hujua mambo ambayo chumba cha kupimia macho hakiyafundishi: kwamba mwanafunzi mwenye ualbino huketishwa mbali na mwanga wa dirisha na kuvaa kofia yenye ukingo hata darasani, kwamba mistari ya daftari hukolezwa kwa wino mweusi mnene, na kwamba kioo cha kukuzia hushikwa karibu na jicho, kisha kitabu ndicho kinachosogezwa mpaka herufi zitulie.

Upande wa tiba ulichelewa. Shahada ya optometria, yaani taaluma ya kupima uwezo wa macho na kuagiza miwani na vifaa vya kukuzia, ilianza Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2014 kwa msaada wa taasisi ya Mwaustralia Brien Holden na shirika la Light for the World.

Kwa kuwa upande huo wa tiba ulichelewa, ufadhili wa masomo wa kumbukumbu, yaani fedha zinazotengwa kwa jina la marehemu ili wanafunzi wasome, una nafasi ya pekee katika fani hii. Vifaa si kikwazo kikubwa kama zamani, kwani kituo cha rasilimali za uoni hafifu cha Hong Kong kimekuwa kikisambaza lenzi za bei nafuu kwa nchi nyingi. Kinachopungua ni mtu wa kukaa na mtoto saa nzima akijaribu lenzi moja baada ya nyingine, kazi isiyo na kipato kinacholingana na cha kuuza miwani mjini. Ufadhili unaolipa ada ya Makerere pekee humtoa mpimaji mwingine wa miwani. Unaolipa pia muhula mmoja Kyambogo, pamoja na nauli ya kwenda shuleni kumfuatilia mtoto baada ya kupewa kioo chake, humtoa mtaalamu wa uoni hafifu.